Ardhilhali za Wenye Nasaba: Simbamwene, Uluguru na Hatima ya Madai Yaliyopigwa Chapa

Wachunguzi wa maandishi ya Kiswahili wamefanya kazi kubwa juu ya tenzi, mashairi na tarihi za miji ya pwani, lakini kuna aina moja ya maandishi ambayo imeachwa mlangoni. Nayo ni ardhilhali, yaani hati ambayo mtu humwandikia mwenye mamlaka akimweleza hali yake na kudai haki yake. Kwa desturi huhesabiwa kuwa karatasi ya ofisi, chakula cha mwanahistoria na mwanasheria, wala si kitu cha kumshughulisha mhakiki. Hesabu hiyo haifai. Ardhilhali ni utungo wenye kanuni zake kama utungo mwingine wowote: ina ufunguzi, ina masimulizi, ina hoja, ina dua, na ina namna yake ya kuaga. Tena mwandishi wake huchagua maneno kwa hadhari kumpita mtunzi wa hadithi, maana neno moja likipotoka laweza kumpotezea shamba.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa. Sehemu yake ya kwanza imetoka katika neno la Kiarabu linaloanza kwa herufi ya ayn, lenye maana ya kuweka jambo mbele ya mtu; ardhi, kwa maana ya nchi, ni neno jingine, nalo huanza kwa alif. Kiswahili hakikuona haja ya kutenga sauti hizo mbili, basi maneno yakakutana. Mkulima wa Matombo asiyejua Kiarabu akidhani kwamba ardhilhali ni hali ya ardhi, atakuwa amekosea asili ya neno tu. Katika milima ya Uluguru, tangu zamani za Kisabengo hata miaka ya mwisho ya ukoloni, dai la mwenye cheo lilikuwa karibu kila mara dai la nchi: nani aliingia kwanza, nani alifyeka msitu, nani ana haki ya kutoza ushuru wa njia, nani ana haki ya kuomba mvua kwa ajili ya wengine. Madai hayo yalipofika katika vitabu, kitu fulani kilihifadhiwa na kitu fulani kikaachwa. Na kile kilichoachwa ndicho kimwhusucho mhakiki wa lugha.

Kipimo kizuri chapatikana mbali, katika nchi ya Uskoti, ambako madai ya makabaila yalihifadhiwa kwa chapa kupita kiasi. Katika karne ya 18 mahakama kuu ya madai ya Edinburgh ilikuwa na majaji 15, na mashauri yaliendeshwa zaidi kwa maandishi kuliko kwa mdomo. Kila jaji alihitaji nakala yake. Basi mawakili wakawa wakipeleka maombi, maelezo na majibu yao kwa mpiga chapa. Hakuna aliyekusudia kuhifadhi historia. Karatasi zilipigwa chapa kwa kuepuka taabu ya kunakili kwa mkono mara 15, kisha wenyewe wakazifunga pamoja katika majalada, wengine wakiandika pembeni jinsi shauri lilivyokwenda. Majalada hayo yangali katika maktaba za wanasheria wa mji huo. Shauri la urithi wa Douglas peke yake lilijaza vitabu vizima: je, Archibald, aliyesemekana kuzaliwa Paris mwaka 1748 na mama wa miaka 50, alikuwa mwana wa kweli au mtoto wa kununuliwa? Majaji wa Edinburgh waligawanyika sawasawa mwaka 1767, na kura ya rais wao ikamwangusha. Baraza la Malodi la London likampa ushindi mwaka 1769.

Miaka miwili baadaye Baraza hilo hilo likakata shauri la cheo cha Sutherland. Mdai alikuwa Elizabeth, mtoto yatima aliyezaliwa mwaka 1765, na wapinzani wake walishika neno moja kuu, kwamba mwanamke hana njia ya kurithi cheo kile. Jaji David Dalrymple, ajulikanaye kwa jina la Lord Hailes, alimwandikia utetezi uliopigwa chapa, akikusanya hati za karne nyingi kuonyesha kwamba katika Uskoti ya kale wanawake walirithi vyeo vya namna hiyo. Mtoto alishinda mwaka 1771. Utetezi ule ulidumu kumpita mdai wake; wachunguzi wa nasaba huurudia kwa sababu ya hati zilizomo, na mtoto wa miaka mitano amebaki katika maktaba akiwa na hoja zake zote, neno kwa neno, kwa ufasaha ambao yeye mwenyewe asingeweza kuusoma.

Yafaa kukumbuka hapa kwamba kuhifadhi dai si sawa na kuhifadhi hukumu. Ripoti za sheria za Afrika ya Mashariki zilihifadhi hukumu. Wamasai waliposhitaki mwaka 1913 juu ya kuhamishwa kutoka Laikipia, Ol le Njogo na wenzake walishindwa kwa hoja kwamba makubaliano ya 1904 na 1911 yalikuwa mikataba baina ya dola na dola, ambayo mahakama haina uwezo wa kuipima. Shauri hilo limo katika ripoti zilizopigwa chapa, na wanafunzi wa sheria hulisoma. Lakini anayesema ndani yake ni jaji. Wadai husikika kwa mbali, kama mtu azungumzaye nyuma ya ukuta. Uskoti ilipiga chapa sauti ya mdai kabla ya jaji kufumbua kinywa. Tofauti hiyo ndogo ya utaratibu wa ofisi imezaa tofauti kubwa katika kile ambacho vizazi vya baadaye vinaweza kukisoma.

Aprili 1871, miaka 100 baada ya ushindi wa yatima wa Sutherland, binti mwingine aliyerithi cheo cha baba yake alitoa dai chini ya milima ya Uluguru. Baba yake alikuwa Kisabengo, mkuu wa Kizigua aliyejenga mji wenye ngome pale ulipo mji wa Morogoro. Yeye ndiye Simbamwene, na jina hilo lilikuwa la mji pia. Mdaiwa alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone. Dai lenyewe lilikuwa hongo. Na hapa msomaji wa leo hana budi kusimama, kwa kuwa neno limebadilika mikononi mwa watu. Hongo ya karne ya 19 ilikuwa haki iliyo wazi ya mwenye nchi juu ya msafara upitao nchini mwake, iliyojadiliwa hadharani na kulipwa hadharani. Hongo ya leo ni rushwa ya kificho. Anayelisoma dai la Simbamwene kwa Kiswahili cha leo, pasipo kuambiwa jambo hili, humwona mwenye haki akigeuka kuwa mla rushwa kwa kosa la kamusi.

Kitabu cha Stanley, kilichotoka mwaka 1872, ndicho jalada pekee la shauri hili. Humo wajumbe wa Simbamwene wanafika kambini kudai haki ya bibi yao. Stanley anajibu kwamba msafara wake uliotangulia umekwisha kulipa, na kwamba kwa desturi ya bibi huyo mwenye mali hatozwi mara mbili. Jibu hilo ni la kisheria kabisa. Stanley hakatai haki ya hongo; anadai kwamba deni limekwisha. Kwa maneno mengine, mgeni amekubali mahakama ya mwenyeji na kujitetea ndani ya sheria zake. Laiti karatasi za pande mbili zingekuwapo, mhakiki angeuliza: je, msafara uliotangulia na msafara uliofuata ni mali moja au mbili? Hilo ni swali ambalo mawakili wa Edinburgh wangeliandikia kurasa 40. Hapa limekwisha kwa sentensi chache, zote za mdaiwa.

Kutoka kwa wajumbe, Stanley amehifadhi neno moja tu katika lugha waliyoisema: ngema. Ni sura ya njema, nayo ilitumika katika Kiswahili cha siku zile. Yeye amelifasiri kuwa ni kukubali, kisha akamdokezea msomaji kwa kejeli kwamba mambo hayakuwa mema hata kidogo, maana bibi yule alikuja kujilipa kwa njia nyingine. Kejeli hiyo imejengwa juu ya tafsiri pungufu. Mtu aliyekaa barazani anajua kwamba njema, au vyema, au haya, katika kinywa cha mjumbe si kukubali. Ni kusema kwamba neno limesikika na litafikishwa. Mjumbe hana ruhusa ya kumkubalia mtu kwa niaba ya aliyemtuma. Wajumbe wa Simbamwene walitimiza kazi yao kwa adabu, na kwa adabu hiyo wakaonekana wanafiki katika kitabu kilichosomwa dunia nzima.

Kilichofuata kinasomeka kwa namna mbili. Mpishi wa msafara alitoweka baada ya kuadhibiwa. Askari waliotumwa kumtafuta wakakamatwa na Simbamwene, wakashukiwa kumwua, wakafungwa minyororo. Sheikh Thani, mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri njia ile ile, akaenda kuwasemea. Wakaachiliwa, lakini baadhi ya bunduki zikabaki mjini. Stanley anaisimulia habari hii kuwa ni kisasi na unyang'anyi. Lakini mtiririko wa mambo wenyewe, hata kama ulivyo katika kalamu yake, una umbo jingine: dai limetolewa, limekataliwa, mtu wa mdaiwa amepotea katika nchi ya mdai na kuna shaka ya mauaji, wahusika wamezuiliwa, mtetezi amesikilizwa, watu wamerudishwa na mali imewekwa rehani. Hakuna haja ya kumfanya Simbamwene kuwa malaika. Yatosha kuona kwamba maandishi ya adui yake yamehifadhi mifupa ya utaratibu wa haki, na nyama imevishwa na mwingine. Hata nasaba yake ilipunguzwa kabla ya dai kuanza: Kisabengo analetwa kwa msomaji kama mnyang'anyi aliyejipandisha cheo, akilinganishwa na Theodore wa Uhabeshi. Elizabeth wa Sutherland alikuwa na Lord Hailes wa kumthibitishia mababu. Simbamwene alithibitishiwa mababu na mtu aliyekuwa akikataa kumlipa. Mwaka uliofuata mafuriko yalibomoa sehemu kubwa ya mji wake. Stanley akapita tena, akaandika hilo pia.

Lakini haki ya ngome si haki ya mlima, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu zaidi. Ukoo wa Kisabengo, ambao wazao wake walijulikana baadaye kwa jina la Kingo, ulitoka nje. Nguvu zake zilikaa bondeni, katika njia ya misafara. Juu milimani Waluguru waliishi kwa koo za upande wa mama, na nchi ilikuwa ya ukoo uliotangulia kuifyeka. Kingalu wa Kinole alisifika kwa mvua kupita kwa silaha, na jina la Kingalu lilirithiwa pamoja na cheo, mtu akishika mahali pa mjomba wake hata akawa yeye. Watu walimwendea kuomba. Ombi lilikuwa na zawadi yake, mahali pake, wasemaji wake wenye haki ya kusema; nalo lilianza kwa kutaja waliotangulia. Kwa hiyo ardhilhali kwa maana ya tendo ilikuwa imekamilika Uluguru zamani sana kabla ya karatasi. Kutaja mababu hakukuwa pambo la mwanzo linaloweza kurukwa ili kufikia habari yenyewe. Kutaja mababu ndiko kuthibitisha, kwani yule awezaye kutaja kwa utaratibu ni nani aliyemwachia nani ndiye mwenye hati.

Karatasi ilipokuja, ilikuja na desturi mbili za uandishi ambazo hazikupatana. Desturi ya kwanza ni ya pwani: barua iliyoanza kwa majina ya heshima ya mwandikiwa, jenabi na sheikh na mpenzi, ikafuata salamu, kisha ama baadu, ndipo habari. Katika barua ya namna hiyo cheo cha mwandikiwa na cha mwandishi hupimwa kwa wingi na mpangilio wa sifa, na hakimu wa zamani aliweza kujua kwa mistari mitatu tu ni nani anayeomba na ni nani anayeamuru kwa sauti ya kuomba. Desturi ya pili ni ya boma: jina la ofisi juu, habari kwa ufupi, na chini yake mtumishi wako mtiifu, maneno yaliyofasiriwa kutoka katika barua za Kiingereza. Kwa Kiingereza maneno hayo ni ganda tupu. Hata waziri alikuwa akimwandikia karani hivyo. Kwa Kiswahili si ganda. Mkuu wa ukoo aliyejiita mtumishi mtiifu wa kijana wa boma alikuwa ametamka jambo lenye uzito, na walioisikia barua ikisomwa kijijini walilipima kwa uzito wake.

Utawala wa Waingereza ulizidisha mahitaji ya nasaba zilizoandikwa. Tangu Gavana Donald Cameron alipoeneza utawala wa kupitia wenyeji, kwa sheria ya mwaka 1926, kila mwenye kudai usultani au unaibu wake alipaswa kumshawishi ofisa kwamba babu zake walitawala. Madai hayo yaliingia katika vitabu vya wilaya, yale majalada makubwa yaliyowekwa bomani, ambamo maofisa waliandika kwa Kiingereza mila, nasaba na mipaka ya watu wao. Katika wilaya ya Morogoro kazi hiyo ilihitaji kuweka pamoja vitu visivyo vya jinsi moja: haki ya bondeni ya ukoo wa Kingo, haki ya mvua ya Kingalu, na haki za koo nyingi ndogo ambazo hazikuwa na sultani wala hazikumtaka. Kitabu cha wilaya hakina nafasi ya msemaji kujitaja kwa utaratibu wa kwao. Kina mchoro wa nasaba, jina juu, mistari chini. Mchoro ni kitu safi sana. Huonyesha nani alizaliwa na nani, na hauonyeshi ni nani aliyesema hivyo, mbele ya nani, na nani alinyamaza.

Mambo yalifikia kilele katika miaka ya 1950. Mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru uliwataka wakulima wachimbe ngazi katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watawala walikuwa na hofu ya kweli: Mto Ruvu, unaolipatia jiji la Dar es Salaam maji, huchota katika milima hiyo. Wakulima nao walikuwa na hoja ya kweli, kwamba ngazi zilifukua udongo wa chini usiozaa na kuwatoza kazi isiyo na malipo. Na juu ya hoja hiyo palikuwa na hofu kwamba anayekuamuru namna ya kulima shamba yu karibu kusema kwamba shamba ni lake. Ghasia zilitokea upande wa Matombo mwaka 1955, na mpango ukaachwa. Usultani ulikuwa katikati ya moto, ukitakiwa na boma kutoa amri na kutakiwa na koo kupeleka malalamiko. Patrick Kunambi, aliyekuwa katika utawala huo wa Waluguru, alikuwa papo hapo mmoja wa waasisi 17 wa TANU mwaka 1954. Cheo kimoja kilimpa wajibu wa kupokea maombi, kingine cha kuyaandika.

Vitabu viwili vyapasa kuwekwa ubavu kwa ubavu hapa. Cha kwanza ni cha Roland Young na Henry Fosbrooke, kilichotoka mwaka 1960, London kwa jina la Land and Politics among the Luguru of Tanganyika, na Marekani kwa jina la Smoke in the Hills. (Majina hayo mawili yana mafunzo yake: msomaji wa London alipewa ardhi na siasa, wa Marekani akapewa moshi.) Ni kitabu chenye uadilifu. Fosbrooke alikuwa mtaalamu wa serikali wa elimu ya jamii, naye aliwajua watu na milima. Waandishi hawafichi makosa ya mpango, na maelezo yao ya haki za koo katika ardhi yangali na manufaa makubwa. Hata hivyo ni kitabu kilichoandikwa kutoka upande uliopokea malalamiko. Mluguru ndani yake hueleza, hufikiri, huona, huhofu, na vitenzi hivyo vyote vina mwandishi mwingine. Hoja yake imepangwa vizuri kuliko alivyoipanga mwenyewe, na kwa kupangwa hivyo imepoteza mahali ilipoanzia. Peter Pels, katika uchunguzi wake wa mwaka 1999 juu ya wamisionari na Waluguru, aliweka katika jina la kitabu neno lenye maana ya kuwapo, kuwa mahali pale mwili kwa mwili. Nalo ndilo hasa linalokosekana katika kurasa za 1960.

Kitabu cha pili ni Historia ya Uluguru cha Padre Canute Mzuanda, kilichopigwa chapa Morogoro mwaka 1958. Wengi wamekichota habari za koo na kuhama kwao, kisha wakakirudisha rafuni kuwa ni kazi ya mpenzi wa mambo ya kale. Usomaji huo ni wa haraka mno. Katika nchi ambayo ardhi ni ya ukoo uliotangulia kufyeka, kusimulia koo ziliingia kutoka wapi na zikakaa wapi si kusimulia mambo ya kale tu. Ni kuandikisha mipaka. Na katika mwaka wa 1958, miaka mitatu baada ya ghasia, milima ikiwa bado na moshi ambao Young na Fosbrooke walikuwa wakiuandikia, orodha ya koo kwa Kiswahili ilikuwa na wasomaji waliojua wanachokisoma. Kitabu hakina mwandikiwa juu wala mtumishi mtiifu chini. Lakini kikisomwa kama ardhilhali, ghafula marudio yake, yale yanayomchosha msomaji atafutaye matukio, yanapata kazi: kila ukoo watajwa kwa sababu kila ukoo una haki ya kutajwa, na kuurukia mmoja ni kuunyima. Huu ndio utungo ulio karibu zaidi na hoja ya Lord Hailes ambao Uluguru imewahi kupigiwa chapa. Tofauti ni kwamba Hailes alimtetea mtoto mmoja, na padre aliandika kwa ajili ya mlima.

Wakati ule ule palikuwa na mlango mwingine wa kupeleka maombi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 87, uliwapa watu wa nchi za udhamini haki ya kuandika moja kwa moja kwa Baraza la Udhamini. Ombi lililopokelewa kutoka Tanganyika lilipewa namba iliyoanza kwa T/PET.2, likachapwa na kugawiwa kwa wajumbe. Utaratibu huu, kwa namna ya ajabu, uliwarudishia wakulima wa Afrika kile ambacho makabaila wa Uskoti walikuwa nacho: dai linachapwa kabla ya hukumu, kwa kuwa mwamuzi ana viti vingi na kila kiti chataka nakala. Wameru waliohamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951, watu wapatao 3,000, walitumia mlango huo. Kirilo Japhet, ambaye hakuwa mangi bali katibu wa chama, alifika New York mwaka 1952. Hakurudishiwa ardhi. Lakini mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton walitoa kitabu, The Meru Land Case, na kwa hiyo mdai akawa mwandishi wa jalada lake mwenyewe. Ni hatua kubwa ambayo Simbamwene hakuwa na njia ya kuifikia, wala wandewa wa Uluguru hawakuifikia.

Pamoja na hayo, kitabu hicho ni cha Kiingereza, na ombi lililopelekwa New York kwa Kiswahili lilisomwa na wajumbe kwa tafsiri. Lililohifadhiwa ni lalamiko. Lugha ya kulalamika haikuhifadhiwa. Mtu asidhani kwamba hasara hii ni ya Afrika peke yake. Yule Elizabeth wa Sutherland, aliyeshinda kwa hati zilizopigwa chapa, alikua, akaolewa, na katika miaka ya 1810 mashamba yake yalisafishwa watu ili kufugiwa kondoo. Waliofukuzwa walisema Kigaeli. Malalamiko ya watu wa nyanda hizo yalikusanywa kwa wingi na tume ya Lord Napier mwaka 1883, ushahidi ukapigwa chapa mwaka 1884. Na mzee aliyesema Kigaeli alitafsiriwa na mkalimani, akaingia kitabuni kwa Kiingereza. Dai la bibi mwenye nchi lina kila nukta yake. Dai la mpangaji wake lina maana tu. Katika nchi moja, chini ya chapa moja, utaratibu ulikuwa huo huo uliotumika Morogoro.

Kwamba jambo linaweza kufanywa vingine lilionyeshwa mapema. C. G. Büttner, katika mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu uliotoka mwaka 1892, alizitoa hati kwa sura yake, akazinakili kwa herufi za Kilatini, akazifasiri kwa Kijerumani. Nia yake ilikuwa kuwafundisha maofisa kusoma barua za raia wapya, nia isiyo na upendo mwingi. Lakini kwa kuwa alihitaji wanafunzi waione barua kama itakavyofika mezani, aliacha salamu zote, sifa zote na makosa yote mahali pake. J. W. T. Allen alifuata njia ya kufanana na hiyo mwaka 1945 katika kitabu chake cha kufundisha herufi za Kiarabu, na orodha yake ya miswada iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1970, inaonyesha ni kiasi gani kimekusanywa cha tenzi. Ardhilhali hazikupata mkusanyaji wa bidii hiyo.

Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, na pamoja nao ikafa aina hii ya hati katika umbo lake la zamani. Hakuna tena anayepaswa kuthibitisha babu ili asikilizwe na serikali. Kwa hiyo zilizopo ndizo hizo, katika majalada ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa na katika masanduku ya koo. Mhariri atakayezishika ana kazi tatu ambazo mwanahistoria hatamfanyia. Hana budi kupiga chapa Kiswahili chenyewe, na tafsiri ikae chini yake, si mahali pake. Hana budi kuacha mfuatano wa majina ya mababu bila kuukata kwa vidoto, hata kurasa zikijaa. Na kazi ya tatu, ambayo ni ndogo na husahauliwa kupita zote, ni mwisho wa ukurasa. Hati za namna hii mara nyingi hutiwa alama za dole gumba. Mpiga chapa huzigeuza kuwa orodha ya majina, moja chini ya jingine, kwa nafasi zilizo sawa. Lakini katika karatasi yenyewe dole moja huweza kuwekwa juu peke yake, mengine yakajipanga kando, na mengine mawili yakawa mbali kidogo, upande wa kushoto, kwa wino mwingine, kana kwamba wenye madole hayo walikuja siku iliyofuata. Msomaji apewe picha ya ukurasa huo.